Dampa Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Machi

Ndugu zangu katika mapambano, nyinyi ambao siku moja mtaisoma shajara hii mkiwa huru: salamu!

Nimeingia wiki ya saba kati ya nane za mafunzo kwa vitendo. Bila sahihi na mhuri wa Fundi Mkuu katika daftari langu, chuo hakinipi shahada. Mama amekwisha kushonewa gauni la mahafali. Amenipigia simu kuniarifu kwamba lina mikunjo mabegani na kwamba nisimwaibishe mbele ya dada zake. Sitamwaibisha. Nitalikomboa jengo kwanza, kisha nitaomba sahihi.

Jengo lenyewe ni hospitali mpya. Tunapachika madampa: milango ya bati inayokaa ndani ya dakti, yale mabomba mapana ya kupitishia hewa, pale dakti inapopenya ukuta. Moshi ukitokea, dampa hujifunga na moshi hubaki ulikozaliwa. Vyema. Lakini ni nani atakayetukinga na Fundi Mkuu? Leo ameifuta chai ya saa nne! Ati mkaguzi anakuja Jumatatu, na madampa arobaini na mawili hayatajipachika yenyewe. Mwanagenzi mwenzangu, ambaye tunamwita Rula kwa kuwa haiachi rula yake ya chuma hata aendapo chooni, akajibu kwamba hakuna neno, Fundi, chai si dawa. Msaliti!

Jumanne, 4 Machi

Nimeasisi Harakati za Chai ya Saa Nne. Makao makuu: stoo, iliyopakana na chumba ambacho Fundi Mkuu anakitumia kama ofisi. Waliohudhuria: mimi, Rula, aliyefuata skrubu akaondoka, na Dada Silikoni, fundi wa kuziba nyufa, aliyekiri kwamba amefuata ubaridi. Nimehutubia dakika ishirini. Dada Silikoni akasema, mdogo wangu, unanishinda. Redio yangu pia hupiga kelele, lakini angalau ina kitufe.

Kisha, ugunduzi! Kuna dakti itokayo stoo na kuingia ofisini. Ukutani mna dampa namba kumi na saba, nililolipachika kwa mikono yangu. Lina mota; lisipopata umeme, springi hulifunga. Na umeme bado. Lau lingekuwa wazi, ningezisikia hila zote za Fundi Mkuu! Rula ameisahau rula yake juu ya kopo la rangi. Nikapanda ngazi, nikafungua kidirisha cha dakti, nikaikwamisha rula kati ya vibati vya dampa. Liko wazi. Umma umepata sikio!

Jumatano, 5 Machi

Matokeo ya upelelezi: Fundi Mkuu anakohoa. Fundi Mkuu amemwuliza mkewe kwa simu kama fundi bomba amefika. Hajafika. Lugha ya mafumbo, bila shaka.

Rula anazunguka jengo zima kama kuku atakaye kutaga, akimwuliza kila mtu kuhusu rula yake. Nimempa pole.

Mkutano wa pili. Nimetamka kauli ambayo wajukuu wataikariri: “Kwa rula ya adui tumelizibua sikio la umma, na mlango ule hautafungwa tena!” Dada Silikoni alikuwa amesinzia.

Alhamisi, 6 Machi

Dhuluma juu ya dhuluma! Fundi Mkuu amemwamuru Dada Silikoni azibe upya kandokando ya dakti ya stoo. Anadai kuna upenyo, sauti zinavuja. Dada Silikoni ameapa kwamba pale hata sisimizi hapiti. Akaziba. Baada ya mkutano wangu wa mchana akaamriwa kuziba mara ya tatu. Nimelaani unyanyasaji huo kwa sauti ya juu zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umeunganishwa, madampa yote sasa yanakaa wazi yenyewe. Rula haihitajiki tena. Nitaichomoa nikimaliza kuandika hotuba.

Jumatatu, 10 Machi

Hotuba ilikuwa ndefu.

Mkaguzi aliketi ofisini, kalamu mkononi. Wakawasha mashine ya moshi wa majaribio stoo, wakabonyeza kitufe cha kuyakatia madampa umeme. Madampa arobaini na moja yakajifunga, ta-ta-ta, kama wanajeshi. Namba kumi na saba likanguruma tu. Moshi ukamwagika ofisini. Mkaguzi akatoka akipapasa ukuta.

Fundi Mkuu akafungua kidirisha, akachomoa rula. Rula akaruka kwa furaha: “Rula yangu!” Kisha akayaona macho ya watu. Jamani, si mimi, akasema. Historia ilinipa dakika moja ya kukiri. Niliitumia kufunga upya kamba za viatu.

Ndipo Fundi Mkuu alipoanza, kwa sauti yangu hasa: “Kwa rula ya adui tumelizibua sikio la umma…” Neno kwa neno! Kumbe dakti hupeleka sauti pande zote mbili. Amezisikia hotuba zangu zote. Ile ya rula alidhani ni tamathali ya semi. “Kwako wewe, mwanangu, kila kitu ni mfano. Ningejuaje kwamba mara hii unasema kweli?”

Dada Silikoni akanitazama. Mara tatu, akasema. Mara tatu nimeuziba ukuta mzima!

Fundi Mkuu akaniingiza ofisini. Akasema hiki kitakuwa chumba cha watoto wachanga. Stoo ikishika moto, watakimbilia wapi, nao hata kutambaa hawajui? Nikavua kofia ya kazi. Mimi! Akaniagiza nilikague kila dampa kwa mkono. Mkaguzi atarudi Alhamisi. Tukianguka tena, nisahau sahihi.

Mama amepiga simu. Nimemwambia mchakato unaendelea.

Alhamisi, 13 Machi

Siku tatu juu ya ngazi. Nimemwomba radhi Rula. Amenishikia ngazi, ila rula ameifunga kiunoni kwa kamba. Ndani ya namba thelathini na moja nimekuta glavu. Yangu. Leo madampa yote arobaini na mawili yamejifunga. Tumefaulu!

Fundi Mkuu ametia sahihi. Mhuri atanipigia kesho alasiri, siku ya mwisho, endapo atapata, alivyosema, siku moja ya utulivu. Kwenye maoni ameandika: “Anasikika.” Sifa iliyoje! Chai nayo imerudi. Yeye anadai ni kwa sababu mkaguzi amekwenda zake. Umma unaujua ukweli.

Nimejitathmini. Kosa letu lilikuwa mahali. Stoo ilikuwa na dakti moja, nayo ikaipeleka sauti yote kwa mtu mmoja. Makao mapya: chumba cha mashine, ghorofa ya juu, ambako dakti kuu inaanzia kwenda kila chumba cha hospitali. Hesabu ni nyepesi: sauti ikigawanywa kwa vyumba arobaini, haibaki kitu.

Mkutano ujao: kesho Ijumaa, saa saba kamili mchana. Ajenda: biskuti. Njooni kimyakimya. Kelele niachieni mimi.