Majirani Wananinyima Upweke

Malangali, Sumbawanga
Mei 2020

Kwa Ndugu Loth, Mtendaji wa Mtaa,

Marahaba. Najua tungeonana ungeniamkia, kwa hiyo nimeitikia kabisa tusipoteze karatasi.

Mimi ni Gaudensi, mwalimu mstaafu, mgane tangu Hilaria wangu afariki mwaka jana. Kifua changu ni kibovu, na korona ilipoingia nilijifungia ndani. Redio ikatangaza kwamba sisi wa mjini tuliojifungia tutapatwa na upweke na msongo wa mawazo. Nikajiandaa. Nilinunua hata daftari la kuandikia huzuni. Leo ni wiki ya saba, daftari ni jeupe. Wa kulaumiwa ni hawa:

1. Mama Coleta, jirani yangu. Kila asubuhi husimama nje ya ua na kuuliza, "Mwalimu, umeamkaje?" Nikijibu "salama" anataka maelezo. Jumatatu nilinyamaza makusudi, nijaribu. Chai haijapoa, wanaume wanne wenye barakoa wakang'oa mlango, wakanikuta nanyoa ndevu. Mlango wameurudisha, lakini umepinda.

2. Mzee Isdori wa ng'ambo ya barabara. Tunacheza bao, yeye kwake, mimi kwangu, kila mmoja na ubao wake, tukitajiana mashimo kwa sauti. Hajafungwa hata mara moja, na ubao wake sijauona. Nikikaa niwaze kifo, najikuta nawaza wizi wake.

3. Chakula. Ugali wa ulezi, maharage, juzi migebuka kutoka ziwani. Mletaji anaweka kizingitini, anarudi nyuma hatua kumi, kisha anasimama kunitazama nikila. Suruali hazifungi. Mtaalamu gani ataamini kwamba nina msongo?

4. Hili naliandika kwa uchungu. Siku Hilaria alipotimiza mwaka, nilikusudia kulia peke yangu. Kwaya ikaja ikajipanga barabarani, kila mmoja mbali na mwenzake, na kwa sababu ya umbali huo wakalazimika kuimba kwa nguvu mara mbili. Nililia, ndiyo. Lakini tulilia watu kumi na tisa.

Kwa heshima naomba uwaandikie, kwa muhuri, waniachie siku mbili tu za upweke. Wakikaidi, nisaidie nihamie Mwimbi, ingawa nasikia Mama Coleta ana dada yake huko na ameshaulizia nitafika lini.

Wasalimie wote ofisini, na mama watoto, na wanaokuja kugongewa mihuri.

Ni mimi niliyezingirwa,
Mwl. Gaudensi

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, Herieth wa zahanati akapita. Anasema una homa tangu Ijumaa, umejifungia peke yako, na mkeo yuko Laela kwenye mavuno. Barua hii ichane. Nimeshavaa barakoa na koti, nimebeba kiti. Nakuja kukaa barabarani, mbele ya dirisha lako. Usijisumbue kuzungumza, mwanangu. Nina habari za wiki saba.