Fundi Cherehani Alivyolishinda Jeshi la Ukungu Garini

Sogeeni, wajukuu, na mlio mbali vuteni vigoda, kwani ninayoyaleta leo si habari ya kusikilizwa kwa sikio moja. Ila kwanza, kitendawili. Chumba changu cha vioo, wenyewe wakipumua kuta zinavaa kanzu nyeupe. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, naupokea mji wenu pamoja na masoko yake, na jibu nawapa: ni gari asubuhi ya baridi, milango imefungwa na watu wamo ndani.

Basi palikuwa na fundi cherehani, mwanamke shupavu, mtunga uzi gizani, mpinda mapindo yasiyofumuka, ambaye leseni yake ya udereva ilikuwa bado inanukia upya. Mumewe alikuwa fundi saa, mwenye gari na mwenye maneno. Msimu wa baridi ulipoingia, Ukungu, adui asiye na miguu wala panga, akalizingira gari lile kutoka ndani. Kila mara fundi cherehani aliposhika usukani, kioo cha mbele kilifumba, naye akaendesha kwa kuchungulia tundu alilolifuta kwa kiganja, dogo kama kifungo cha shati. Mwisho akaliparuza gari kwenye pipa la taka la jirani.

Ndipo mume aliposimama uani, mkono kiunoni, akanena mbele ya mama yake mzazi:

"Mke wangu, nimevumilia vya kutosha. Kesho tunampeleka mama kwa daktari wa macho, na wewe ndiye utakayeendesha. Kioo kikifumba kabla hatujafika, ufunguo unarudi mfukoni mwangu, na humo hautoki tena."

"Na kisipofumba?"

"Kitafumba. Hilo nalijua."

"Sikukuuliza unachokijua, baba watoto. Nimeuliza, kisipofumba?"

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele, ungo umemgusa pua, maana macho yalimtia shaka. Hakuinua uso. "Kisipofumba, ufunguo ni wake. Nimesema mimi, na aliyekuzaa ni mimi."

Shujaa akajifunga kibwebwe. Akayang'oa mazulia ya miguuni yaliyolowa tangu mvua zilizopita, akayatundika kambani kama bendera za jeshi lililotekwa. Akaiteka nyara sabuni ya kunyolea ya mumewe, akavipaka vioo kwa ndani, akavisugua kwa kitambaa kikavu mpaka vikalia kwii. Kisha akatwaa soksi ndefu, akaijaza chumvi ya mawe, akaushona mdomo wake kwa mkono wa kishujaa, akailaza juu ya dashibodi ili inywe unyevu wote utakaothubutu kupita.

"Hiyo si soksi yangu?" mume akauliza.

"Ilikuwa yako. Sasa ni askari."

Kulipokucha, wakaondoka, baridi ikiuma masikio. Mume alikaa mbele, mama mkwe nyuma, na gari lilipoiacha kona ya kwanza tu, mama mkwe akaanza kusimulia ugomvi wa mashemeji zake, habari ndefu isiyo na kituo, na kila neno likatoka na mvuke wake. Kioo kikastahimili. Kikastahimili tena. Halafu shemeji wa pili akaingia katika habari ile, na Ukungu akaonekana pembeni mwa kioo, anatambaa taratibu kama mwizi anayejua mbwa hayupo.

Mume akanyoosha kiganja, tayari kupokea ufunguo. "Naona wageni wameshafika," akasema kwa upole mbaya.

Hapo, enyi wasikivu, jemedari aliona njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumwomba mama mkwe anyamaze, na katika ukoo ule hajazaliwa mkwe wa kulitamka hilo. Ya pili ilikuwa kitufe chenye picha ya gari na mshale uliojikunja tumboni mwake. Mume alikuwa amekibonyeza tangu baridi ianze, akapiga marufuku kukigusa, eti kinazuia joto lisitoroke. Fundi cherehani akakumbuka kibandani kwake: akipiga pasi nguo mbichi mlango umefungwa, kioo cha wateja hufumba, akiufungua, hufumbuka. Akautazama ule mshale uliojikunja. Kumbe walikuwa wakizipumua pumzi zao wenyewe msimu mzima.

"Usiguse hicho," mume akasema.

"Nimeshagusa." Kitufe kikazimika, hewa ya nje ikaingia. Akawasha na kiyoyozi, hita ikiendelea kuunguruma.

"Unawasha baridi kwenye baridi? Mke wangu, una homa?"

"Nakausha hewa. Joto liko pale pale, weka mkono usikie."

Akaweka. Lilikuwepo. Na Ukungu akaanza kurudi nyuma, kutoka chini ya kioo kwenda juu, bila mpango, kikosi kikikanyaga kikosi, mpaka barabara ikasimama mbele yao wazi na safi. Nyuma, habari ya mashemeji ikakatika katikati.

"Mwanangu, ile kule ni miti?" mama mkwe akauliza.

"Ni miti, mama," mwanawe akajibu.

"Na yule anayejikuna mgongo ni muuza maziwa?"

"Ndiye, mama."

Mama mkwe akaegemea kiti chake. "Basi geuzeni gari. Msimu mzima napandishwa humu nikidhani napofuka."

"Tutageuza, mama," fundi cherehani akajibu, macho barabarani, "ila tufike kwanza. Nina ufunguo wangu huko."

Wakafika, kioo kikimeremeta. Daktari akampima mama mkwe, naye mama mkwe akamwonyesha doa la wino kwenye tai yake, na upimaji ukaishia hapo. Mume akakirudisha kiganja chake mfukoni, kitupu.

Naam, miji imetekwa na wafalme wameanguka, lakini kioo kile kilikombolewa na mwanamke mmoja kwa kidole kimoja, na majirani wa ua ule huhesabu miaka yao tangu asubuhi hiyo. Wakati wa kurudi, mama mkwe alikaa mbele kama malkia, akamrudia shemeji wa pili pale alipomwacha. Mwanawe alikaa nyuma, amekunja mikono. Walipofika njia panda, fundi cherehani akamwona mumewe kwenye kioo kidogo cha juu: alikuwa anateremsha dirisha lake polepole, upana wa kidole, bila kuambiwa na mtu.