Kuhusu Uongozi Niliopewa kwa Kuinua Mkono

Kijiji Kipya, Gatitu,
Nyeri.
Machi 1955

Bwana DC mheshimiwa,

Salamu kwa heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana karatasi nimeiegemeza juu ya karai. Mimi ni Keziah Kabura, mchimba handaki la kukizunguka kijiji hiki. Naomba uniondoe katika uongozi ambao sikuuomba.

Tumeletewa Bwana Peterson, mtaalamu wa uongozi na mabadiliko ya kazi, aone kwa nini handaki letu haliendi. Alitusimulia kazi zake zote, karani Theuri akitafsiri. Aliongoza mabadiliko katika kiwanda cha biskuti huko kwao. Kikafungwa, akapandishwa cheo. Akaja shamba la ngano Timau. Vibarua wakatoroka wote, akapandishwa tena. Sasa ni zamu yetu.

1. Alituuliza kiongozi wetu ni nani. Bwana, katika Hali hii ya Hatari, swali hilo likiulizwa watu hutazama miguu yao. Mzee Ngatia alilijibu mwaka jana, na mpaka leo yuko kizuizini. Bwana Peterson akaandika kwamba hatuna viongozi, maskini sisi.

2. Nikainua mkono. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda kujisaidia, kama tulivyofunzwa shule ya misheni. Niliporudi nilikuwa kiongozi, na hata Homgadi, walinzi wa serikali wanaotusimamia na bunduki, walikuwa wakinipigia makofi.

3. Kiongozi, anasema, huwauliza watu shida zao. Nikawauliza. Lango la kijiji hufunguliwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku, na muda huo hautoshi kufika shambani, kuchimba viazi na kuteka maji. Watoto wanalala njaa. Ngendo, kitinda mimba wangu, ameacha hata kulia, na hilo linanitisha kuliko bunduki. Zamani nilikuwa na njaa ya nyumba moja. Sasa nina ya kijiji kizima.

4. Kiongozi husema "sisi". Tangu nianze kusema "sisi", Homgadi Kihara, ambaye ni binamu yangu, hunisalimia akiwa ng'ambo ya handaki.

Kwa hiyo cheo hiki apewe Kihara, anayependa kofia. Ikishindikana, lango likae wazi muda zaidi, ili uongozi wangu angalau uwe na viazi.

Wasalimie wote nyumbani, Memsahib, watoto, na yule mbwa wako anayekula nyama. Akina mama hapa humtaja mara kwa mara.

Wako mtiifu kadiri nguvu zinavyoruhusu,
Keziah Kabura

N.B. Nimewasomea wenzangu barua hii, nao wamekataa nijiuzulu. Wameweka majembe chini, wameketi ukingoni mwa handaki, na hawayashiki tena mpaka lango lifunguliwe. Sikuwaamuru, niliwauliza tu kama wamechoka. Bwana Peterson amefurahi mno, anasema haya ndiyo mabadiliko, na barua hii anakuletea yeye mwenyewe, akitumaini cheo. Basi usiniondoe kwanza. Nimeketi nao.