Mtindi Wangu Si Maziwa Mabovu

Mkotokuyana, Nachingwea
Machi 1953

Kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Bomani,

Salamu nyingi zenye heshima. Mimi ni Mwamina binti Kaimu, mjane ninayeuza mtindi sokoni Nachingwea. Naomba sheria ya maziwa ilegezwe, kwa sababu hizi:

1. Tangazo la sokoni linasema ni marufuku kuuza maziwa mabovu. Nakubali kabisa. Lakini Bwana Afya alifungua kibuyu changu, akaona maziwa yameganda, akayamwaga yote mchangani. Nikamweleza kuwa ndivyo yanavyotakiwa. Akasema nimekiri kosa mwenyewe.

2. Kisha akaamuru kibuyu kioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Bwana, kibuyu kile alinipa mama. Hufukizwa moshi, hakiguswi na sabuni, na mtindi unaobaki chini ndio unaogandisha maziwa ya kesho. Sasa nikitia maziwa yanatoa povu. Pengine hiyo ndiyo afya yenyewe. Nimeumia, sifichi, maana watoto wangu wanakula kwa kibuyu hicho.

3. Ikiwa kila maziwa yaliyoganda ni mabovu, basi na jibini ya dukani kwa Wazungu wa mradi wa karanga ikamatwe. Nimepita pale mlangoni. Ile haikuganda tu, imekuwa jiwe, na harufu yake inakusindikiza mpaka njia ya Ruangwa.

4. Ng'ombe wangu nao washitakiwe. Wanatembea na maziwa juani kutwa nzima, wanayatikisa, hawana kibali wala kifuniko. Bwana Afya awafuate malishoni awakague. Dume amwache, ana hasira.

5. Na akina mama wanaonyonyesha, vibali vyao watakata wapi?

Ukilegeza sheria, Bwana, andika tu kwamba mtindi ni mtindi, na wa Mwamina haujamdhuru mtu hata siku moja, hata ukikaa siku nyingi.

Nakutakia afya njema, ile isiyo na sabuni. Nisalimie mama watoto, makarani, askari wa soko, na Bwana Afya mwenyewe, ambaye sina kinyongo naye, ila kidogo.

Ni mimi raia wako mtiifu,
Mwamina binti Kaimu

N.B. Tarishi atakukabidhi mtindi uonje, nimeugandisha katika kibuyu cha jirani yangu Sabaha. Tafadhali unywe leo hii hii. Mtindi ukilala mpaka Jumatatu utakushika tumbo, kama wangu ulivyomshika Bwana Afya alipoulaza mwezi uliopita.