Picha ya Mke Wangu Iliyopigwa Bila Filta

Kwa Bwana Wakui,
Mhariri wa Waraka wa Mtaa,
Itabashi.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na kiuno chako, maana nimesikia kinakusumbua tangu siku ile ya sherehe ya kutwanga mochi, ule wali wa kunata. Mimi mwili hauna neno. Moyoni ndiko sina raha, na aliyeniondolea raha ni wewe.

Katika Waraka wako wa mwezi huu, ule unaopita nyumba kwa nyumba na kila mwenye nyumba akagonga muhuri wake, umeweka picha ya mke wangu Kinue akicheka kando ya kinu. Nimekaa na picha hiyo siku tisa. Malalamiko yangu nimeyapa namba, usije ukasema hukuyaona.

1. Picha imepigwa bila filta. Najua wapo wasiojua filta ni nini, na hilo nalo ningeweza kulilalamikia. Ni kioo cha duara chenye ukingo wa chuma, kinachovishwa mdomoni mwa lenzi. Kwa sura ya mtu mzima aliye nje juani, kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, inatakiwa filta ya kijani inayoelekea njano. Hili si jambo la kubahatisha. Bi Hatsuyo Minegishi, jirani yangu wa nyumba ya kumi na mbili, alitumia simu. Nilipomuuliza mdomo wa lenzi yake una milimita ngapi, aliniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

2. Picha imeniharibia kazi ya miaka kumi na moja. Mama mkwe wangu alipofariki, hatukuwa na picha yake ya kuweka mbele ya waombolezaji. Tukamkata kutoka kwenye picha ya harusi ya watu, na mpaka leo yuko pale kwenye madhabahu ya nyumbani na bega la mtu tusiyemjua. Jioni ile Kinue aliniambia, "Baba Naoya, mimi usije ukanifanyia hivi. Nipige picha moja nzuri ningali hai." Nikamwahidi. Tangu hapo natafuta filta.

Lenzi niliyorithi kwa baba ina mdomo wa milimita thelathini na sita, na filta zake ni za kuchomeka, si za kuzungusha. Walioitengeneza wamekufa na hawakuacha maelezo. Kila Jumamosi nimeinama kwenye kapu la vikorokoro dukani kwa Bwana Ogino kule Nakano, rula mkononi, pamoja na wazee wenzangu ambao wake zao nao wanangoja. Nimepata filta mia mbili sitini na tatu. Nyekundu ninazo, za buluu ninazo, na ipo moja inayogeuza kila taa kuwa nyota. Zimejaa kwenye makopo ya biskuti za mchele, na makopo yamejaa kwenye droo za kimono za mke wangu. Zinazoingia kwenye lenzi ya baba ni sita tu, na ya kijani haikuwemo. Kinue husema nina vifuniko mia mbili na chungu hakijawahi kupanda jikoni. Huo ni uchochezi. Kamera ina filamu ndani tangu msiba ule, na nimeshapiga picha nne, zote za filta.

3. Picha imepigwa kwa kuvizia. Siku ya sherehe, Ndugu Mhariri, nilikuwa nimeipata. Kijani inayoelekea njano, milimita thelathini na sita, ya kuchomeka. Bwana Ogino alinipigia simu mwenyewe. Nilikuja na kamera shingoni, filta mkononi, nikamwambia Kinue asitoke pale kwenye kinu. Bi Minegishi akangoja mpaka niliposhughulika kidogo na jambo la kiufundi, ndipo akabonyeza. Mimi miaka kumi na moja, yeye sekunde moja.

4. Mke wangu ameipenda. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Alisimama mlangoni na Waraka mkononi, akasema, "Ndiyo hii. Siku yangu ikifika, mniwekee hii." Ana unga puani. Magego yote yanaonekana. Nikamweleza habari ya kijani na njano, naye akaniambia, "Nina miaka sabini na moja, Baba Naoya. Nikikungoja wewe, utakuja kupiga picha jivu." Nikaenda kuzipangusa filta.

5. Kwa hiyo naomba uandike kwamba picha ile haihesabiki. Pili, sherehe irudiwe: kinu kile kile, jua la saa nne asubuhi, na watu wote wasimame walipokuwa wamesimama. Tatu, Kinue acheke vile vile. Kilichomchekesha mimi sikukiona, nanyi mliokuwapo mtafute mkirudie. Mpaka hapo Waraka hautoki kwangu. Najua nyumba ya kumi na nne hadi ya thelathini na nane hazijapata ratiba ya takataka. Mifuko nimeiona. Haki ina gharama zake.

Nisalimie mkeo, kamati nzima, na yule aliyeshika nyundo ya kutwangia. Bi Minegishi naye msalimie, ila kwa kifupi.

Wako katika kuutetea mwanga,
Shigenobu Tamaru,
nyumba ya kumi na tatu.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, nilichukua kioo cha kukuzia ili nihesabu makosa ya picha na kukuambatishia orodha. Nilipofika kosa la kumi na saba, pembeni chini kushoto, nikaona makalio ya mzee aliyepiga magoti chini ya meza ya unga wa soya. Suruali naifahamu. Kiraka alikishona Kinue. Ni mimi, natafuta filta iliyoniponyoka, na macho ya Kinue yako huko huko.

Mimi nilikuwa nadhani amenichoka. Nikamwita, nikamwonyesha. Akasema, "Kwani ulidhani nimeichagua kwa sababu gani?"

Waraka umeshafika nyumba ya kumi na nne, na nimewaomba radhi kwa mifuko. Filta ilikutwa ndani ya bakuli la unga, aliyeiuma anisamehe. Kuhusu kanusho na sherehe, usihangaike. Nakuomba tu unichapishie picha hiyo kubwa, ya kuenea kwenye fremu. Mama yake alipewa bega la mgeni. Yeye ataondoka na makalio ya mumewe. Tafadhali, kona ya kushoto usiikate.