Yuniti Hamsini na Chetezo Kimoja

Jumatatu, 13 Januari

Nimekula kiapo. Sababu ni Masoud.

Tulikuwa barazani baada ya alasiri, kahawa imeshazunguka mara mbili, akaanza tena habari za sola yake. Masoud ni jirani yangu wa mbele. Kichochoro chetu chembamba hata madirisha yetu yanaweza kupeana mkono, kwa hiyo sola yake naiona nikilala na nikiamka. Leo akasema mbele ya watu kwamba nyumba ya Khelef inakula umeme kuliko hoteli za Kiwengwa. Wakacheka wote. Hata Jecha muuza kahawa, anayenijua tangu nina pengo la meno ya utoto!

Nikasimama. Nikatangaza kuwa mita yangu ina yuniti hamsini na sinunui nyingine mpaka mwezi uishe. Masoud akauliza, na nikishindwa je? Nikasema nitamimina kahawa mimi badala ya Jecha, Februari nzima. Jecha akasema inshallah, tena kwa matumaini mengi mno.

Nyumbani nimempa habari mke wangu. Tamima hakugombana. Alinikumbusha tu kwamba Ijumaa ya tarehe 24 watu wa Amjad wanakuja kumposa Asila. Binti yetu na kijana huyo wamesubiriana miaka miwili mpaka apate kazi. Nikamjibu kuwa posa haihitaji umeme. Babu zetu walioa kwa vibatari.

Jumanne, 14 Januari

Masoud amepanda kwangu, eti kunijulia hali ya kiapo. Amekaa chini ya feni yangu saa nzima! Kwake feni inazunguka bure kwa jua la Mungu, lakini anakuja kupoa kwa yuniti zangu. Nilipiga miayo. Na yeye akapiga. Nilisema nina shughuli. Akasema nisimjali, niendelee tu.

Nikaenda jikoni, nikatia kaa moja kwenye chetezo na kipande cha udi kadiri ya ukucha. Nikampitishia. Ha! Akafukiza ndevu, akafukiza kofia, akainuka, akaaga. Mtu wa mjini hafukuzwi kwa maneno. Udi ukishampitia anajua ziara imekwisha, na akizidi kukaa ni yeye asiye na adabu.

Feni nimeizima kabla hajafika ngazi ya chini. Mimi ni mtu wa kuogopwa.

Alhamisi, 16 Januari

Nimefungua balbu zote za nyumba, hata ile ndogo ya ndani ya friji. Imebaki moja. Anayehitaji mwanga anaifungua ilipo na kwenda nayo anakotaka. Kasoro ni kwamba anayekwenda kuifuata anakwenda gizani, na ngazi zetu za mawe kila moja ina kimo chake. Goti limevimba. Wazo lenyewe halina kosa.

Birika la umeme nimelifungia kabatini. Friji ninalichunga mwenyewe: kila nusu saa nalifungua kuhakikisha bado lina baridi. Tamima amesema hicho ndicho kinacholifanya lile umeme zaidi. Nikamwambia aliyeapa ni mimi.

Yeye ana mambo yake. Madirisha ya upande wa jua anayafunga asubuhi na kuyafungua magharibi. Wali anauchemsha dakika chache tu kwenye jiko la umeme, kisha sufuria anaitia kwenye kapu alilolisheheneza mito na kanga kuukuu. Anaendelea na shughuli zake, na adhuhuri wali umeiva wenyewe. Amejifunza kwa mama yake huko Kidichi. Mambo ya kizamani. Sidhani kama yanasaidia.

Mita: 39. Siku tatu tu! Kuna mtu anakula umeme humu ndani, nami nitamjua.

Ijumaa, 17 Januari

Pasi nimeipiga marufuku. Kanzu ya Ijumaa niliilaza chini ya godoro jana, nikaipiga pasi kwa mwili wangu. Nilisahau kwamba kitanda chetu ni cha kamba. Imetoka na miraba mgongo mzima, nikaenda msikitini nimechorwa kama mkeka. Masoud, safu ya nyuma yangu, akaniuliza tulipotoka kama ndiyo mitindo mipya ya Maskati. Nikasema ndiyo. Sasa watu wawili wananiuliza fundi wangu ni nani.

Usingizi ulikuwa mbaya, mgongo ulikakamaa. Ashukuriwe Mungu kwa maji ya moto ya alfajiri. Joto la Januari ni joto la watu wengine, mgongo wangu haujui. Hita siihesabu. Hita ni dawa.

Jumatatu, 20 Januari

Asila amekuja kukaa karibu yangu. Alikuwa akizungusha bangili yake. "Baba, mimi sijakuomba kitu. Ijumaa hiyo moja tu, nyumba iwe nyumba. Friji liwake, feni izunguke, ngazini pawe na taa." Akaeleza kuwa msemaji wao ni Mzee Hamed, ami yake Amjad, mtu wa adabu za zamani anayeweza kuudhika kwa kikombe kilichowekwa vibaya. Akiudhika yeye, basi tena. 

Nilitaka kulia. Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Nimemuahidi, wallahi, kwamba Ijumaa kila kitu kitawaka. Alhamisi hakuitaja, na mimi sikuitaja.

Alhamisi, 23 Januari

Usi, tuliyefanya naye kazi bandarini kabla hajahamia Matemwe, ametuletea pweza. Jitu zima! Tamima amemchemsha akalainika, amemtia frijini. Kesho wageni wakishazungumza yao, atapashwa kwa nazi.

Mita: 17. Nimekaa nayo macho kwa macho. Kesho feni itakula, taa zitakula, na mwezi bado una wiki nzima. Lazima niweke akiba leo. Nimepata wazo zuri mno. Ikiwa kapu la Tamima linahifadhi moto bila umeme, friji lililofungwa litahifadhi baridi bila umeme. Elimu ni moja! Nimelizima magharibi, kimya kimya, na nitaliwasha alfajiri. Balbu yake haimo, nani atajua?

Kisha nikawakataza wote kulifungua mpaka wageni waje. Tamima alifurahi. Alisema hatimaye nimemsikiliza.

Ijumaa, 24 Januari

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Alfajiri nilikwenda kwanza kwenye maji ya moto. Yalikuwa mazuri. Nikasahau friji.

Baada ya alasiri wakaja wanaume watano, kanzu nyeupe, wamenyooka. Feni inazunguka, taa ya ngazini inawaka. Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa. Mzee Hamed akakohoa, akamsalia Mtume, akaanza kusema kwamba wao wamekuja katika nyumba hii tukufu... Huko jikoni Tamima akafungua friji.

Harufu haikuchelewa. Ilipitia ukumbini kama mtu mwenye haki ya kupita. Nikaona pua ya kijana wa mwisho inacheza. Nikaona Mzee Hamed amekwama katika "tukufu." Akili ikaniruka! Nikachukua chetezo, nikatia udi wa mwezi mzima, nikaanza kukipitisha kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Mzee Hamed kwanza kwa heshima yake.

Alinitazama. Akatazama chetezo. Akafukiza ndevu polepole, akavaa kofia yake vizuri, akainuka. Wote wakainuka. "Tumefahamu, Bwana Khelef," akasema, na wakashuka ngazi mmoja mmoja, chini ya ile taa niliyowarudishia.

Neno lao la posa hawakulisema. Nilikuwa nimewafukuza kabla hawajalisema.

Tamima alisimama mlangoni na pweza mkononi. "La kuvunda halina ubani," akasema, akaenda kumtupa.

Jumamosi, 25 Januari

Mji mzima unajua kwamba Khelef amekataa posa. Muuza mkate ananihurumia. Masoud amenisalimia kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Asila hajatoka chumbani tangu jana. Nilisimama mlangoni pake, nikasikia anavuta kamasi, nikaondoka kwenye vidole vya miguu. Nina aibu. Sijawahi kuwa na aibu ya namna hii.

Mchana akatoka, macho mekundu. Hakunigombeza. Alinishika mkono kama mimi ndiye mtoto, akanipeleka bafuni. "Baba, hii taa nyekundu ya nini?" Nikasema ni ya hita. "Na huwa inazimwa lini?" Nikafikiri. Sikukumbuka lini. Akaichomoa, akanipeleka kwenye mita. Kile kitaa kilichokuwa kinapepesa bila kupumua sasa kinapepesa kwa raha zake.

Nikaeleza habari ya mgongo. Asila akarudi chumbani.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwandikia Mzee Hamed barua ya kurasa tatu kufafanua elimu ya friji lililofungwa. Tamima ameisoma, ameikunja, ameitia kwenye moto wa seredani. Kisha amevaa buibui na kwenda mwenyewe kwa Bi Salhiya, mama yake Amjad, akamwambia ukweli wote: kiapo, balbu, pweza. Bi Salhiya alicheka mpaka akashika ubavu. Mzee Hamed hakucheka. Kumbe amekaa siku tatu akitafuta ni babu yake yupi aliyewakosea babu zangu. Lakini wamekubali kuja tena Ijumaa. Asila akisikia mlango unagongwa anaruka. Mara hii ikiharibika, hakuna ya tatu.

Tamima amenipa masharti. Nisiguse swichi. Nisiguse friji. Nisiguse chetezo. Hita isichomekwe. Na atakayewapokea wageni na kuongoza mazungumzo ni Masoud. Masoud! Mimi nitasema neno moja tu, la kukubali. Nimemsihi Tamima ateue mwengine. Masoud alikuwa ameshakwenda kutafuta kilemba.

Ijumaa, 31 Januari

Mita asubuhi: 2. Kiapo kinaisha leo na bado naona mwanga! Tamima anadai wiki nzima nyumba imetumia kidogo kwa sababu ya kapu lake na madirisha yake na hita kuchomolewa. Mimi naona ni nidhamu.

Maji ya moto kidogo tu. Siku ya heshima baba hawezi kutoka na mgongo uliopinda. Hakuna aliyeniona nikichomeka.

Baada ya alasiri wakaja walewale watano. Masoud alizungumza vizuri, nakiri, mpaka nikasahau kuwa ni Masoud. Mzee Hamed akamsalia Mtume. Akasema, "Tumekuja kumuomba binti yenu..." Na feni ikasimama.

Yuniti zimekwisha. Nilikumbuka hita pale pale.

Kila mtu alitazama juu, kisha alinitazama mimi. Jasho likamshuka Mzee Hamed kwenye paji la uso. Akakunja leso yake, akavuta mguu mmoja karibu, kama mtu anayetaka kuinuka. Chini ya pazia la ndani niliona vidole vya miguu vya Asila, vina hina, havitikisiki. Mungu wangu, nilisema moyoni, nichukulie chochote, mgongo na kila kitu, lakini huyu mzee asiinuke.

Masoud akaenda dirishani. "Shemsa!" akamwita mkewe, "nrushie waya!" Waya ukavuka kichochoro, ukadakwa, ukachomekwa, na feni yangu ikazunguka kwa jua la Masoud. Yule kijana wa mwisho akacheka. Mzee Hamed akamtazama, akatazama feni, na yeye akacheka! Akarudisha mguu. Akamaliza sentensi yake.

Nikaambiwa nijibu. Nilikuwa na neno moja tu na sauti haikutoka. Nikalia mbele ya watu. Masoud akasema kwamba hayo ndiyo majibu. Vidole vya nyuma ya pazia viliruka.

Udi ameupitisha Tamima, kwa wakati wake. Wageni wameshuka wakinukia. Asila amenibusu mkono, na amesema ataniombea. Nimemshukuru Masoud kwa dhati. Nimemkumbatia. Nimemwambia sijapata kuwa na jirani kama yeye, na kwamba ujinga wangu wa umeme umekwisha leo.

Magharibi sasa. Februari inaingia na sijanunua hata yuniti moja, kwa hiyo nimeshinda. Mgongo unauma kwa kukaa wima muda wote ule.

Waya wa Masoud bado uko dirishani. Jambo la kushangaza: feni inazunguka na mita yangu iko sifuri. Nimefikiri. Nimeuvuta mpaka bafuni, unafika. Nimechomeka hita. Dakika kumi tu.

Taa za nyumba ya Masoud zimezimika zote kwa pamoja. Shemsa anapiga kelele. Sasa nasikia viatu kwenye ngazi, na ni vya Masoud, anapanda mbili mbili.

Kaa nimeshalitia kwenye chetezo.