Chipu Iliyoipa Lugha Kompyuta ya Mke Wangu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wapenzi wa Kompyuta Kuukuu,
Ghorofani, juu ya duka la miwani.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA KWA CHIPU YA LUGHA NYUMBANI KWANGU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukishahusika uvute kiti, kwa kuwa habari yenyewe si fupi.

Mimi ni mkalimani mstaafu wa mahakama. Maisha yangu yote ya kazi nimesimama kati ya mshtakiwa na hakimu, nikichukua maneno ya huyu na kumfikishia yule bila kuongeza chumvi. Mke wangu, ambaye ni mwanachama wako, alikuwa opereta wa simu. Yeye aliwaunganisha watu, mimi nikawaelewesha. Tulistaafu tukiamini kwamba sasa zamu ya kuongea ni yetu.

Haikuwa hivyo. Siku ya kuagwa kazini, wenzake walimpa saa ya ukutani. Yeye akaomba aongezewe na ile kompyuta ya zamani iliyokuwa ikizuia mlango wa stoo usijifunge. Wakampa kwa furaha, na nadhani sasa naielewa furaha yao.

Malalamiko yangu nimeyapa namba za kumikumi, kama mke wangu anavyoandika mistari yake ya amri, ili likizuka jingine katikati nisilazimike kuiandika upya barua nzima.

10. Kuhusu lugha. Kompyuta ile ilikuja na lugha yake ya kuzaliwa, na mimi sikuwa na ugomvi nayo. Halafu mke wangu akarudi kutoka mkutanoni kwenu akiwa amebeba kidude cheusi kilichochomekwa kwenye sponji, chenye miguu mingi kama jongoo.

"Hii ni lugha," akasema.

Nikamuuliza lugha ya wapi.

"Ya kompyuta, baba watoto. Lugha nyingine kabisa ya kuandikia programu. Unaipachika, basi, inaijua yote."

Ndugu Mwenyekiti, lugha yangu ya tatu niliipata kwa jasho, nikisoma kamusi hadi jalada likang'oka, na mpaka leo kuna herufi moja inanitoa jasho mbele za watu. Mke wangu alifungua mfuniko kwa bisibisi, akatafuta tundu lililo wazi kwenye bodi, akakanyoosha kajiti kamoja kalikopinda katika miguu ya yule jongoo, akakikandamiza kidude kwa dole gumba, akafunga. Chai niliyokuwa nimemimina haikuwa imepoa. Mashine ikawaka na lugha yote ndani yake, bila kigugumizi. Naomba uniambie haki iko wapi hapo.

20. Kuhusu televisheni. Kioo cha kompyuta hiyo ni televisheni yetu. Waya wa antena umechomolewa na kuning'inizwa kwenye msumari kama mkia. Taarifa ya habari sasa naipata kwa jirani, juu ya ukuta, na jirani yangu ni mtu wa kuchanganya mambo. Wiki nzima niliamini waziri fulani amefariki, kumbe amehamishwa.

30. Kuhusu adabu. Lugha hii mpya ina kobe. Ni kapembetatu kadogo kanakokaa katikati ya kioo kakisubiri kuambiwa kaende mbele au kageuke kulia, na kila kanakopita kanaacha mstari. Mke wangu akikosea amri, kompyuta haifoki. Inaandika sentensi ambayo, kwa tafsiri yangu rasmi, inasema: "Sijui namna ya kufanya hivyo."

Nimefanya kazi mahakamani hadi nikaota mvi. Sijasikia shahidi akisema hivyo, wala wakili, na hakimu ndiyo usiseme. Nilipomweleza mke wangu kwamba kauli hiyo ni ya kinyonge, akanijibu bila kugeuza shingo:

"Huyu asipojua anasema hajui. Wewe usipojua unaenda kunyoa ndevu."

Nilikwenda kunyoa ndevu huku nikilitafakari jambo hilo, na sikuona ukweli wowote ndani yake.

40. Kuhusu msamiati. Nimeambiwa kwamba lugha hii inamruhusu mwenye kompyuta kuifundisha maneno mapya. Mke wangu akaifundisha neno NYUMBA. Ukiliandika, kobe anatembea, anachora kuta, paa na mlango. Nilikuwa napita na taulo begani, nikaitambua mara moja. Ilikuwa ile nyumba ya kwanza tuliyopanga tulipooana. Lakini mlango aliuweka kushoto! Mlango ulikuwa kulia, Ndugu Mwenyekiti, upande wa bomba.

"Basi kaa hapa urekebishe," akasema.

Nikakaa, kwa ajili ya kuhifadhi ushahidi tu. Tukabishana kuhusu mlango. Kutoka kwenye mlango tukaingia dirishani, kisha tukabishana ni nani aliyevunja kile kioo, kisha akanikumbusha mwenye nyumba wetu aliyekuwa akibisha hodi akiwa tayari yuko ndani, na mke wangu akacheka hadi akavua miwani. Chakula kikaungua. Jioni yangu yote ikaenda namna hiyo, na gazeti sikulifungua hata ukurasa mmoja. Hasara hii naihesabu kuwa ya chama chako.

25. (Hili limezuka sasa hivi. Lisome kati ya 20 na 30.) Binti yetu amepiga simu. Zamani alikuwa akiniuliza presha yangu inaendeleaje. Leo ameuliza, "Baba, kobe hajambo?" Kisha akaomba apewe mama yake, na simu haijarudi kwangu hadi naandika mstari huu. Nawasikia wanafundishana namna ya kuchora nyota.

50. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, chipu hiyo ing'olewe na irudishwe kwenye sponji yake. Pili, chama kisimpe mwanachama yeyote lugha mpya bila idhini ya maandishi ya mwenzi wake. Tatu, uache kuniita shemeji kwenye simu. Undugu huo sijui tuliufungia wapi. Nne, kama hayo yatashindikana, basi nami nipachikwe chipu, ili mke wangu aniandikie amri fupifupi na mimi nizitii bila kuuliza. Nimejikagua kwenye kioo cha bafuni. Nyuma ya sikio la kushoto pana nafasi ya kutosha.

Nakuachia jambo hili mikononi nikitegemea busara zako, ambazo sijaziona bado. Nisalimie wanachama wote, mhazini wenu, na yule bwana anayekohoa kila ninapopiga simu ofisini kwenu. Ajitahidi kufunika mdomo.

Ni mimi, ninayedai utulivu ndani ya nyumba yangu,

Mkalimani (Mstaafu)

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha asubuhi hii, televisheni ilijaa chenga. Mke wangu akazima, akawasha, akazima tena. Kisha akakaa mikono ikiwa mapajani, akatazama kile kioo cheusi. Nyumba ikatulia. Nilisimama pale mlangoni nikajaribu kuufurahia utulivu huo, nikashindwa. Nikafungua mfuniko mwenyewe. Joto lilikuwa limeiinua chipu kidogo kutoka kwenye tundu lake. Nikaikandamiza, ikalia *tik*, kobe akatokea.

"Umejifunza wapi haya?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia huwa nasikiliza.

Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa nimeiandika vizuri, ila usitekeleze chochote kilichomo. Nikiwa mle ndani niliona bado kuna tundu moja tupu. Kama chama kina lugha nyingine, yoyote ile, naomba mniwekee kwa jina langu. Jumamosi tunakuja wote wawili. Kiti changu kiwe karibu na chake, shemeji.